Juu ya Gazeti la Mwanafunzi Wetu na Kazi ya Kupanga Herufi

Mwezi wa Mei, wakati vituo vya ushirika vilipokuwa vikifagiliwa kwa kungojea pamba, lilitufikia hapa Bariadi gazeti dogo lenye kurasa kumi na sita, limekunjwa na kubanwa katikati kwa pini mbili. Aliyelipanga ni kijana tuliyemfundisha kusoma na kuandika, naye sasa yuko Dar es Salaam akijifunza usanifu wa michoro, yaani elimu ya kupanga herufi, picha na rangi juu ya karatasi na juu ya kioo cha kompyuta. Walimu wake walimpa kazi ya kutengeneza gazeti zima, tangu jalada hata ukurasa wa mwisho, akachagua mwenyewe habari za wakulima wa pamba wa mkoa wa Simiyu. Nakala moja iliyopigwa chapa kwa rangi alituletea kwa mkono wake, akasema, "Mwalimu, nakuomba ulisome, unionyeshe makosa, wala usinihurumie." Basi tumelisoma, wala hatukumhurumia, nao wasomaji wetu watuwie radhi tukinena kwa urefu juu ya kazi ambayo wengi huihesabu kuwa mapambo tu.

Tuanze na yaliyo mema, maana yapo. Jalada lake ni picha ya mikono ya mwanamke ikichuma pamba, na juu yake neno moja tu. Hakulijaza jalada kwa matangazo ya yaliyomo ndani, kama wafanyavyo wachapishaji wengi wanaodhani kwamba nafasi tupu ni hasara. Kila habari yaanza katika kimo kilekile cha ukurasa, hata jicho lajua pa kwenda kabla ya kutafuta. Pambizo ya chini ameiacha pana, kidole gumba kipate pa kushika bila kufunika maneno. Tena ukurasa wa nane, wenye mazungumzo ya mama mmoja wa Itilima juu ya palizi na kunyunyiza dawa, umepangwa kwa safu moja pana, na mistari imeachana kwa kiasi, nao wasomeka kama mtu asemaye polepole mbele yako. Kama gazeti lote lingalikuwa kama ukurasa huo, tungaliandika mistari mitano ya sifa, tukanyamaza.

Sasa twaja kwenye ukurasa wa tatu, ndio uliotufanya tushike kalamu. Hapo pana kichwa cha habari cha mistari miwili. Mstari wa kwanza, kwa herufi kubwa nyeusi zenye kimo cha kidole gumba, wasema: PAMBA HAITANUNULIWA. Wa pili, kwa herufi nyembamba za rangi ya manjano, wasema: kwa mkopo msimu huu. Katika nakala ile ya rangi jambo hili lapendeza macho: nyeusi yanguruma, manjano yaitikia kwa upole. Lakini gazeti halikukaa katika nakala moja. Rafiki zake kijana walilipeleka steshenari hapa mjini, wakatoa nakala hamsini kwa mashine ya wino mweusi, wakazigawa siku ya mnada. Mashine ile haikuyaona manjano kabisa. Palipokuwa na mstari wa pili pakabaki karatasi nyeupe. Watu wakasoma: Pamba haitanunuliwa.

Siku ya tatu yake akafika nyumbani kwetu mzee mmoja wa upande wa Nkololo. Tulipokwisha kuamkiana, mwangaluka kwa mwangaluka, na maji yakanywewa, alitoa karatasi ile mfukoni, imekunjwa mara nne. Alikuwa ameuza magunia mawili kwa mchuuzi mmoja aliyepita na pikipiki, kwa bei ya huruma, kwa sababu maandishi yamesema na maandishi hayasemi bure. Habari yenyewe iliyokuwa chini ya kichwa ilieleza yote vizuri. Walakini ilipigwa kwa herufi za pointi tisa, na mzee hana miwani. Tukampa nakala ya rangi. Akaisogeza mbali na macho, akaigeuza kwenye jua, hata mwisho akayaona manjano. Hakukasirika. Alisema tu, "Kumbe neno lilikuwapo, Mwalimu, ila limefichwa."

Tulipompigia simu kijana alinyamaza kitambo. Kisha akasema neno ambalo hatukulitazamia: kwamba ukurasa ule aliupanga majuma mawili kabla ya kuandika habari yake. Tukamwuliza, umeupanga kwa maneno gani basi? Akajibu, kwa Kilatini cha bandia.

Yafaa tueleze, kwa kuwa si wasomaji wote wanaojua mambo haya. Wapangaji wa kurasa ulimwenguni kote wana desturi ya kutia katika ukurasa maneno ya kujazia nafasi, yasiyo na maana, hata maandishi ya kweli yatakapokuja. Maneno hayo yalitokana na kitabu alichokiandika Cicero, Mrumi, mwaka 45 kabla ya Kristo, juu ya wema na ubaya. Lakini yamekatwakatwa na kuchanganywa hata Cicero mwenyewe asingeyatambua. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Letraset iliyaeneza katika karatasi za herufi za kubandika, na katika miaka ya 1980 yakaingia katika kompyuta pamoja na programu ya PageMaker ya kampuni ya Aldus. Hapa twatabasamu kidogo. Kampuni ile ilichukua jina la Aldus Manutius, mpiga chapa wa Venice aliyefariki mwaka 1515, ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kuwaajiri wataalamu wa Kiyunani wayasome na kuyasahihisha maandishi kabla hayajapigwa chapa. Nalo jina lake likasafiri duniani pamoja na maneno yasiyosomwa na mtu yeyote.

Walimu wa usanifu wana hoja yao, nayo si nyepesi. Husema kwamba mwanafunzi akiyaelewa maneno, jicho lake huvutwa na habari, akasahau kutazama umbo la ukurasa: uzito wa weusi na weupe, urefu wa mistari, mahali pa picha. Kwa saa ya kwanza ya kazi twaikubali hoja hiyo. Hata mjenzi hupima kiwanja kabla ya kujua nani atalala chumba gani. Walakini kijana wetu alituambia kwamba katika mazoezi ya mwaka mzima wa kwanza hakupanga hata ukurasa mmoja wa Kiswahili. Alijifunza kupima nafasi kwa maneno mafupi ya lugha iliyokufa, nazo tena zimevurugwa. Maneno ya Kiswahili yalipokuja yakayakuta masanduku yamekwisha kuchongwa: sanduku kubwa la maneno mawili, sanduku dogo chini yake la maneno manne. Akaikata sentensi ienee katika masanduku. Hakuficha neno kwa hila, wala kwa uvivu, alitii alivyofundishwa.

Wala jambo hili si la kichwa cha habari peke yake, bali limeenea gazeti zima, na atazamaye ataliona katika kurasa za safu tatu. Kiswahili hubeba katika neno moja mambo ambayo Kiingereza hutumia maneno manne au matano. Watakapowaandikisha, zitakazonunuliwa, hawakutufahamisha: maneno kama hayo hayaingii kwa raha katika safu nyembamba. Kijana amezinyoosha kingo zote mbili za safu, kuume na kushoto, kama magazeti ya Ulaya, na safu ni nyembamba kiasi kwamba mstari wapata maneno mawili au matatu tu. Basi mashine, kwa kuwa imeagizwa kufika ukingoni kwa vyovyote, imeyatawanya maneno hata kati ya neno na neno pana uwazi wa kupita mbuzi. Uwazi huo ukipangana juu na chini hufanya mifereji myeupe, na jicho hutelemka mferejini badala ya kufuata mstari. Jan Tschichold, Mjerumani aliyeongoza upangaji wa vitabu vya Penguin huko Uingereza tangu mwaka 1947 hata 1949, aliwafundisha wapiga chapa kwamba nafasi kati ya maneno iwe nyembamba, kama upana wa herufi i tu. Kwa Kiswahili kanuni hiyo haiwezekani katika safu za upana huu, ila ukingo wa kulia uachwe uende utakavyo, au safu tatu zifanywe mbili. Kijana alijua njia zote mbili. Alipoulizwa kwa nini hakuzifuata, akasema kwamba kwa Kilatini ukurasa ulionekana mzuri.

Pengine msomaji atasema, maneno marefu na yakatwe kwa kistari. Yamekatwa, nayo ni balaa nyingine. Programu ile iliachwa ikidhani kwamba lugha ni Kiingereza, ikayakata maneno yetu kwa sheria za ugenini: wanafun-zi, ng'om-be, mashir-ika. Mtoto wa darasa la pili ajua kwamba silabi ya Kiswahili huishia katika irabu, nasi twasema wa-na-fu-nzi. Lakini hata sheria ya silabi haitoshi peke yake. Katika ukurasa wa kumi na moja neno "pambano" limekatwa kwa halali kabisa, pamba mwisho wa mstari na no mwanzo wa mstari wa pili. Na katika gazeti la pamba hakuna msomaji wa Bariadi asiyejikwaa hapo. Hakuna sheria ya mashine iwezayo kuona kosa hilo. Laonekana kwa mtu asomaye tu.

Na ritifaa nayo tusiisahau, kwa kuwa kwetu Usukumani si alama ya kuchezea. Majina mengi ya watu wetu huanza na Ng', na mji wa Mwanza wenyewe kwa Kisukuma ni Ng'wanza. Kompyuta ikiona alama hiyo mara nyingine hudhani mtu anafungua usemi, ikaipindua. Na baadhi ya herufi za mapambo apendazo kijana hazinayo kabisa, ikaanguka. Katika habari ya kazi za baada ya mavuno, wakulima wanahimizwa wang'oe na kuchoma masalia ya pamba, wadudu wasipate pa kukaa hata msimu ujao. Gazeti limepiga chapa "kungoa". Sasa ngoa ni wivu au tamaa, kama wazee wa pwani wajuavyo! Waweza kucheka, nasi tulicheka. Walakini mtoto aliyeandikwa Ngwana mahali pamoja na Ng'wana mahali pengine atakuja kudaiwa kiapo siku atakapopeleka vyeti vyake, na hapo hakuna achekaye.

Tumesema juu ya herufi za pointi tisa. Kijana alijitetea kwamba nafasi ilikuwa haba. Tukalifungua gazeti mwishoni: kurasa mbili nyeupe kabisa. Alipanga kurasa kumi na nne, akasahau kwamba karatasi ikikunjwa mara moja hutoa kurasa nne, na kwa hiyo kijitabu cha kubanwa katikati lazima kigawanyike kwa nne. Kumi na nne hakigawanyiki. Mpiga chapa akamwongezea mbili, zikabaki tupu. Angeziweka kurasa hizo katika hesabu tangu mwanzo, angeweza kupiga habari zote kwa pointi kumi na moja, na mzee wa Nkololo angesoma kwa taa ya sola bila kuomba mtu. Twawaomba walimu wa usanifu waliangalie jambo hili kuliko yote: gazeti ni karatasi kwanza, tena ni karatasi iliyokunjwa.

Juu ya aina ya herufi hatuna mengi. Amezitumia aina tano, zingetosha mbili. Anaidharau Times New Roman kwa kuwa yaonekana katika kila barua ya ofisi. Lakini herufi hiyo ilitengenezwa kwa gazeti la The Times la London, likaanza kuitumia mwezi wa Oktoba mwaka 1932, ili maneno mengi yaingie katika safu nyembamba na yasomeke. Dharau hiyo ni ya ujana, itapita.

Twapenda kumkumbusha kijana na wenzake juu ya wale waliowatangulia. Mwaka 1888 huko Kiungani, Unguja, lilianza gazeti la Msimulizi, la Misheni ya Vyuo Vikuu, na chapa ya misheni hiyo iliendeshwa na vijana wa Kiafrika waliofundishwa kazi hiyo. Mpanga herufi wa siku zile alisimama mbele ya sanduku lenye vyumba vingi, akaokota herufi za risasi moja moja, akazipanga katika kibati alichokishika kwa mkono wa kushoto. Nazo zilitazama kinyumenyume, juu chini, hata ikambidi ajifunze kusoma upya kama mtoto. Masanduku yaliyonunuliwa kwa ajili ya Kiingereza yalikuja na e nyingi na k chache, ilhali lugha yetu hula a na k kama moto ulavyo nyasi. Mtu aliyeishiwa herufi k kabla ya kumaliza ukurasa hakuhitaji kuambiwa na mwalimu kwamba Kiswahili si Kiingereza. Hatusemi kwamba wazee wale hawakukosea. Walikosea, na yamkini wako waliopanga Kilatini au Kiingereza wasichokielewa, herufi baada ya herufi, kama kasuku. Lakini aliyepanga Kiswahili kwa vidole vyake alilipitia kila neno, na neno lililokatika vibaya lilimpita mkononi kabla halijampita msomaji machoni.

Tena si lazima kwenda mbali hata Kiungani. Kijana angesimama sokoni Bariadi mbele ya duka la kanga. Kanga ina pindo pande zote, ina mji katikati, na jina lake limewekwa mahali pamoja pasipobadilika, chini ya mji, katika mstari mmoja, kwa herufi kubwa, wino mzito juu ya uwanja mwepesi au kinyume chake. Mnunuzi hulitafuta hapo na hulipata hapo. Jina la kanga halikatwi vipande viwili na nusu yake kutiwa rangi ya kujificha, maana kanga ambayo jina lake halisomeki haitanunuliwa wala kwa mkopo wala kwa fedha taslimu. Tulipomwuliza kama walimu wake wamewahi kuwapa kanga waipime kwa rula, akasema bado. Twaona ni ajabu.

Hata hivyo haki yatudai tujilaumu sisi pia. Kijana huyu alipokuwa darasani kwetu alikuwa na mazoea ya kuchora herufi za vichwa vya habari katika daftari la hesabu, nasi tulimfutia na kumwambia aache mchezo. Hatukumwonyesha kwamba mchezo ule ulikuwa na kanuni. Na ukitazama ubao wa matangazo wa shule zetu, utaona karatasi zimejazwa kutoka pembe hata pembe bila pambizo, tarehe ya mkutano wa wazazi imezikwa katika mstari wa kumi na tano, kisha twawalaumu wazazi kwamba hawaji. Mtoto hujifunza ukurasa kwa kutazama kurasa, na hizo ndizo tulizompa.

Mwezi wa Agosti alituletea karatasi nane zilizopangwa upya. Alituambia kwamba mara hii aliandika kwanza, akamsomea bibi yake kwa sauti, ndipo akafungua programu. Lugha ameiweka sawa, vistari vimepungua, ukingo wa kulia ameuacha huru, na ritifaa zote zimesimama mahali pake. Kichwa cha ukurasa wa tatu sasa ni mstari mmoja mweusi: Msimu huu pamba hununuliwa kwa fedha taslimu. Si kichwa kizuri kama kile cha kwanza, twakiri, hakingurumi. Tulikwenda wenyewe steshenari kutoa nakala kwa wino mweusi, tukampelekea mzee wa Nkololo. Aliishika mbali kidogo na uso, akasoma kichwa, akasoma na aya mbili za chini yake bila kusaidiwa. Kisha akasema mjomba wake naye angependa kusoma habari ya bei, akauliza ipo ukurasa wa ngapi. Tukatafuta namba za kurasa kila pembe, hatukuziona. Tulipofika nyumbani na kutazama karatasi ya rangi, zilikuwapo zote, ndogo, safi, chini upande wa kulia, kwa rangi ya manjano.